Miaka Tuliyompa Hawe

Nina saluni mjini Malindi, kwa hiyo nimezoea watu wanaodanganya kuhusu umri wao. Mteja akikaa kwenye kiti changu akaniambia ana thelathini na tisa, namsuka na kumwitikia, maana hajanilipa nimhesabu. Lakini wateja wangu wote hudanganya kwa kuteremka. Kwetu nyumbani ndiko nilikoona umri ukipandishwa, tena na mwanamume mzima, mchana kweupe, mbele ya kipaza sauti.

Mwanamume huyo ni mjomba wangu, kitindamimba wa bibi mzaa mama. Bibi tulimwita Hawe, kama Wagiriama wote wanavyowaita bibi zao. Dunia ilipokuja kumwona walimwita majina makubwa zaidi, lakini kwetu alikuwa Hawe, mwanamke mfupi mwenye maneno machache na kiu isiyoisha ya soda baridi.

Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi upande wa Ganze, kule ambako mahindi hukauka yakiwa wima na maji hufuatwa mbali kiasi cha kusahau ulichokuwa unataka kupika. Alizaa huko, akazika mume huko, akaota mvi huko. Na hizo mvi ndizo zilizoleta taabu. Watu wa mbali hudhani kwamba Afrika mzee ni hazina. Ni kweli, na kama hazina nyingine, wapo wanaotaka kumfukia.

Mtoto wa jirani aliugua akafariki. Daktari alisema ni malaria. Lakini malaria haina boma wala mvi, huwezi kuiendea na panga. Vijana wakaanza kusema kwamba Hawe amezidi kuishi, na kwamba hiyo miaka ya ziada lazima anaitoa kwa mtu. Mwaka uliotangulia, mzee mmoja ng'ambo ya bonde alikuwa ameuawa kwenye ua wake mwenyewe kwa maneno hayo hayo, na inasemekana waliomuua walihudhuria matanga wakala wali vizuri tu.

Ndipo mama yangu alipomleta Hawe saluni kwangu, kichwa kimefunikwa leso mbili.

"Mtie weusi," mama alisema. "Zote. Usibakishe hata moja."

Nilikoroga piko, ule unga mweusi ambao wanawake wa mjini huutumia wakitaka kuolewa mara ya pili. Nilipomaliza nikamgeuzia kioo.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, Hawe."

"Mwambie ashuke kitini, nataka kukaa."

Hakurudi Ganze. Mjomba alimchukua akaishi naye Ganda, kwenye shamba lake la mihogo na minazi michache, karibu na mji. Majirani walipouliza, mjomba aliwaambia kwamba mamake ana miaka sitini na kitu, ila jua la Ganze limemharibu sura. Mjomba mwenyewe alikuwa amepita hamsini na tano. Watu wa Ganda ni waungwana. Walimtazama mama, wakamtazama mwana, wakasema Mungu ni mwema. Nami kila mvi zilipochungulia nilipanda bodaboda na mkebe wangu wa piko, nikaenda kuzirudisha ndani.

Tungekaa hivyo mpaka leo kama si simu. Wakati huo ulimwengu ulikuwa umeingiwa na homa ya wazee. Kila ukifungua simu unakutana na mmoja: huyu wa milimani ana mia na arobaini na siri yake ni asali, yule wa visiwani ana mia na thelathini na siri yake ni kutooa, mwingine anavuta sigara mbele ya kamera na kusema siri yake ni kupuuza madaktari. Nami niliona kitu ambacho hao waandishi hawakukiona, au hawakutaka kukiona. Wazee waliopita kiasi huzaliwa mahali ambapo hapakuwa na karani wa kuandika vizazi. Palipo na karani, watu hufa wakiwa na themanini na nne kama kawaida.

Mjomba naye alizitazama picha hizo, lakini hakuwatazama wazee. Alimtazama yule aliyeshika mkono wa mzee, mwenye suti na walinzi. Mjomba alikuwa akitafuta kiti cha wadi. Alikuwa ameshaanguka mara moja, na aliamini kwamba alianguka kwa sababu hakujulikana, ingawa sisi tuliomjua ndio hasa tuliomnyima kura.

Jumapili moja alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa mama yake aliyetimiza miaka mia na mitatu. Waumini walipiga makofi. Makofi ni kitu cha hatari kwa mtu kama mjomba. Wiki chache baadaye, kwenye harusi, Hawe alikuwa na mia na kumi. Ilipofika sikukuu ya Krismasi alikuwa amegonga mia na ishirini na saba, na mama yangu, binti yake wa kwanza, akakaa chini akajaribu kupiga hesabu.

"Wewe ulizaliwa mama akiwa na miaka sabini?" alimuuliza mjomba.

"Sara wa kwenye Biblia alizaa na miaka tisini," mjomba alijibu. "Huyu si hata wa kwanza."

"Na hiyo mia na ishirini na saba umeitoa wapi?"

"Kwake mwenyewe. Kasema alikuwa msichana wakati wa vita vya Mzungu. Vita vya Wagiriama na Mwingereza vilipiganwa mwaka wa 1914. Hesabu mwenyewe."

Mama alimweleza, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba Mzungu hakupigana mara moja. Vita ambavyo Hawe alikuwa akivisimulia ni vile vya baadaye, vya Mzungu na Mzungu mwenzake, vijana wetu walipochukuliwa kwenda nchi za mbali na waliporudi watoto wakawakimbia kwa sababu ya mabuti. Hawe alikuwa mmoja wa hao watoto. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba vita ni vita, na kwamba familia nyingine zingefurahi.

Hapo nikaitwa mimi. Mjomba alikuja saluni akasubiri wateja watoke.

"Ile rangi uiondoe," alisema. "Bibi wa miaka mia na ishirini na saba hawezi kuwa na kichwa cheusi kama cha binti wa sekondari."

"Piko haiondolewi, mjomba. Inangojwa ikue."

"Hamna dawa ya kuitoa? Mnawafanya wanawake wawe wa njano kichwa kizima."

"Dawa hiyo itamchoma ngozi."

"Kidogo tu?"

Nilikataa, kwa hiyo taifa lilisubiri nywele. Kwa miezi kadhaa Hawe alitembea na kichwa cheupe chini, cheusi juu, nami nilikwenda Ganda kupunguza ncha. Siku moja tukiwa nyuma ya jiko, mkasi mkononi, nilimuuliza kama anajua anachotangaziwa.

"Najua," alisema. "Nina masikio."

"Na unakubali?"

Alinyoosha miguu juani. "Kule Ganze nilikuwa na umri wangu mwenyewe, na karibu uniue. Huu wa mjomba wako haujaniuma bado. Jana vijana wa bodaboda wamenipungia mkono. Umewahi kuona mchawi akipungiwa mkono?"

"Na wakikuuliza mambo ya zamani?"

"Nitasema nimesahau. Mtu wa miaka hiyo anaruhusiwa kusahau."

Basi nikaendelea kukata. Tangu siku hiyo sikumcheka tena mjomba mbele yake. Nyuma yake niliendelea.

Redio ikaja, kisha watu wa televisheni, kisha wageni wa kila namna. Ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja wa Kiitaliano, wa wale waliokuja Malindi kwa likizo wakazeekea hapa. Alikuwa na nyumba kubwa karibu na bahari ambamo wenzake walilipa ili wanyimwe chakula na wafundishwe kupumua. Alikuja kutafuta siri. Mjomba akajitolea kutafsiri, maana ujana wake alikuwa mhudumu hotelini na alijua Kiitaliano cha kumuuliza mtu kama anataka samaki au kuku. Mimi pia ninacho kidogo, cha nywele.

"Muulize anakula nini," yule mama alisema.

Mjomba akauliza. Hawe akafikiri. "Mahamri," alisema kwa Kigiriama. "Na soda nyeusi, iwe baridi. Na ugoro, huyu mwanangu asiponificha."

Mjomba akamgeukia mgeni kwa uso wa ibada. "Anasema maji ya kisima, na majani ya porini. Bila chumvi."

Mgeni alifumba macho kwa heshima. Niliambiwa baadaye kwamba wale wapumuaji walilishwa mnavu wa kuchemsha bila chumvi kwa msimu mzima, na mmoja wao akasema anajihisi amepungua miaka kumi. Sikushangaa. Kama unaweza kuongeza sitini huku Ganda kwa maneno, kwa nini usipunguze kumi kule ufukweni kwa majani.

Mwisho mjomba akatayarisha sherehe ya kuzaliwa. Tarehe aliichagua kulingana na nafasi ya mheshimiwa mmoja aliyeahidi kuja. Turubai likafungwa shambani, viti vikakodishwa, keki ikaletwa kutoka mjini. Hawe alikuwa atimize mia na ishirini na nane, lakini duka lilikuwa limeishiwa na mshumaa wa nane, mjomba akanunua wa tisa. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyozeeka mwaka mzima kati ya Malindi na Ganda, na hakuna aliyelalamika.

Mheshimiwa alichelewa, kama inavyopasa. Alipofika alimshika Hawe mkono kwa muda ambao kamera zilihitaji, akaketi, akapewa keki. Nywele za Hawe siku hiyo nilikuwa nimezichana mimi, nyeupe zote, wazi, hazina leso. Alipendeza sana. Mshereheshaji akauliza kama kuna ndugu yeyote wa familia ambaye angependa kusema neno.

Bibi mmoja akasimama nyuma. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, nywele nyeusi tititi, na kando yake binti yake aliyekuwa akiuza maziwa huko Mariakani. Nilihisi mama akinifinya paja.

"Nani huyo?" nilimnong'oneza.

"Mama mkubwa," alisema. "Dada yake Hawe. Aliolewa Mariakani. Tumekwisha."

Mjomba alikuwa amewasiliana na redio, na kanisa, na chama, na Waitaliano. Hakukumbuka kwamba bibi huyu alikuwepo duniani, tena ana redio.

Alifika mbele polepole, akapewa kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili. "Mimi nimefurahi," alisema. "Sijamwona huyu miaka mingi. Huyu mimi nilimbeba mgongoni. Alipozaliwa, nilikuwa nimeshang'oka meno ya utoto."

Watu walicheka kwa furaha, kisha kicheko kikapungua kidogo kidogo, kadiri kila mmoja alivyofika mwisho wa hesabu. Mheshimiwa aliacha kutafuna. Kijana wa televisheni akasogea.

"Bibi, basi wewe una miaka mingapi?"

"Mia na thelathini na sita," mjomba alijibu kutoka kitini.

"Nani, mimi?" bibi aligeuka. "Usinizeeshe, mwanangu. Mimi sijui nina mingapi, lakini mia sina. Hata huyu hana."

Watu wakaanza kugeukiana. Ningefurahi kuiona aibu ya mjomba, kwa kweli nilikuwa nimeanza kufurahi, mpaka niliposikia sauti ya mwanamume nyuma yangu ikimwambia mwenzake, "Si huyu ndiye aliyetoroshwa Ganze? Unajua kwa nini walimtorosha?" Mwenzake akasema, "Kumbe." Neno hilo moja tu. Nilimtazama Hawe pale mbele, kichwa chake cheupe peke yake kati ya watu wote, na nikajuta kwamba sikumfunga hata leso.

Sijui kama aliwasikia. Nadhani aliziona nyuso. Aliishi kule muda mrefu wa kutosha kuzijua nyuso hizo zinapoanza. Alinyoosha mkono akaomba kipaza sauti, na sauti yake ikatoka wazi kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mleteni karibu mdogo wangu," alisema.

Dada yake alimtazama.

"Huyu ni mdogo wangu," Hawe alirudia, akiwaambia watu. "Mnisamehe kwa ajili yake. Umri umemchanganya. Mimi ndiye niliyembeba yeye."

Nilikuwa nimeketi karibu kiasi cha kumwona yule bibi vizuri. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Mtu amesafiri kutoka Mariakani, amekumbuka jambo la kweli, na mdogo wake amemwita mwehu mbele ya serikali. Alifungua kinywa. Kisha akamtazama Hawe nywele, akatazama wale wanaume waliosimama nyuma, akarudi tena kwenye nywele. Hapo ndipo mimi, kwa jicho la kazi yangu, nikaona nyuma ya sikio lake doa jeusi la piko iliyopakwa nyumbani na mtu asiye na mazoea.

Akashusha mgongo ule ulionyooka, akainama.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba, mdogo wangu," Hawe alijibu. "Kaa hapa ule keki."

Turubai zima likapiga makofi. Mheshimiwa akaendelea kutafuna, kisha akasimama akahutubia juu ya kuwaheshimu wazee na kuahidi barabara. Mheshimiwa huahidi barabara popote anapofika, na pengine ndiyo sababu huchelewa kufika. Wale wanaume wawili walipanga foleni kama wengine, wakapiga picha na Hawe. Mmoja aliomba abarikiwe simu yake.

Wageni walipoondoka niliwapelekea chai ndani. Wale mabibi wawili walikuwa wamekaa kitandani, miguu ya Hawe haifiki chini.

"Umenidai shikamoo mbele ya watu," dada yake alikuwa akisema. "Tangu uzaliwe sijawahi kukuamkia wewe."

"Nisamehe, dada."

"Nilikuja kula keki tu."

"Nisamehe."

Mkubwa alikunywa chai, akaweka kikombe. "Nywele zangu ananipaka binti yangu," alisema. "Tangu mwaka juzi. Kwetu nako wameanza kunitazama."

Hawe alisogea karibu. Alimvuta kichwa akamlaza begani, na mimi nikatoka, kwa sababu chai ilikuwa imeshamiminwa na sikuwa na kazi tena mle ndani.

Mjomba alipata kura chache kuliko mara ya kwanza. Alisema wananchi hawathamini historia. Hawe aliishi karibu miaka miwili zaidi, akipungiwa mkono na bodaboda, akitembelewa na wanafunzi walioletwa kumtazama kama wanavyopelekwa kutazama magofu ya Gede. Alifariki usingizini baada ya mafua madogo. Mama yangu anaamini alikuwa na tisini, ama alikuwa anaikaribia. Kwenye matanga mjomba alisoma wasifu, na marehemu akafikisha mia na thelathini na mbili, maana hata jenezani hakumwacha apumzike. Alimtaja pia "mdogo wa marehemu, aliyetoka Mariakani". Yule bibi alikuwa ameketi mkekani pamoja na akina mama, nywele nyeusi. Alisikia hilo jina lake jipya, akakubali kwa kichwa.

Tulimzika Ganze, kando ya mumewe, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Kaburi walilichimba vijana wa pale pale. Walichimba vizuri, kingo zimenyooka, na walitueleza mmoja mmoja jinsi walivyompenda na jinsi kijiji kilivyojivunia mtu wake mkongwe kuliko wote duniani. Mmoja alipendekeza kiwekwe kibao barabarani. Mama aliwashukuru. Tulikuwa na njaa na jua lilikuwa kali, na hapakuwa na mtu aliyetaka kuanza mazungumzo mengine.

Jioni ilipokaribia nilimsindikiza yule bibi hadi kwenye gari la kurudi Mariakani. Alitembea polepole, amenishika mkono, na begi dogo la nguo kwenye mkono wa pili. Vijana waliochimba walikuwa wamekaa kando ya njia wakinawa udongo. Walisimama wote, wakamwamkia kwa adabu, akaitikia. Mmoja wao, mkubwa kidogo kuliko wenzake, akaja mbio akanyoosha mkono.

"Lete nikubebee, bibi."

"Ahsante, mwanangu," alisema. Akaachia mkono wangu, akalihamishia begi upande wa mbali na yule kijana, na akaenda nalo mwenyewe mpaka garini.